Familia ya Kambo na Mtoto Mwenye Ulemavu Mkubwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka 9, mengi nikiwa nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki ya mazoezi ya viungo, mahali ambapo wazazi wakingoja zamu husema yale wasiyoweza kuyasema nyumbani. Mimi ni mama wa kambo. Binti yetu ana kifafa na mtindio wa ubongo, yaani jeraha la ubongo la utotoni linaloharibu uwezo wa kutawala misuli na mwendo. Nilimkuta ana miaka 5, leo ana 14. Najibu kama mlezi. Jambo la tiba mpelekee daktari wa mtoto, na la sheria mpelekee wakili wa pale unapoishi.

## Mwanzo

1. Mnaposema "ulemavu mkubwa" mna maana gani?

Ni mtoto anayemhitaji mtu mzima karibu kwa kila jambo: kula, kugeuka kitandani, kwenda haja, kujieleza. Chanzo kinaweza kuwa mtindio wa ubongo, ugonjwa wa kurithi, jeraha la kichwa, usonji mzito au mengineyo.

Kwa mtindio wa ubongo, wataalamu hutumia ngazi 5 za uwezo wa kukaa na kutembea, zilizoandaliwa na Robert Palisano na wenzake mwaka 1997. Mtoto wa ngazi ya 5 hushindwa hata kushikilia kichwa na kiwiliwili chake sawasawa. Kama unakaribia kuoana na mzazi wa mtoto wa namna hii, uliza ngazi yake kabla hamjahamia pamoja. Jibu litakueleza upana wa milango mnayohitaji, bafu liweje, na usiku utaamka mara ngapi.

2. Je, nimpende kama wangu tangu siku ya kwanza?

Hakuna anayeweza kukudai hilo, na ukijilazimisha utaishia kujiona mbaya bure. Unachodaiwa tangu siku ya kwanza ni upole na huduma salama. Mapenzi hufuata, mengine polepole sana.

Binti yetu mguu wake wa kushoto hukaza mgeni akiugusa, unakuwa mgumu kama mpini wa jembe. Miezi mitatu nilikuwa nikimvua soksi huku mguu umekaza. Mwezi wa nne, jioni moja, niliivuta soksi mguu ukabaki laini mkononi mwangu. Hakuna aliyeona ila mimi na yeye. Mapenzi yangu kwake nayahesabu kuanzia siku ile, na kabla ya hapo sikuwa namchukia. Tulikuwa hatujafahamiana tu.

3. Nimesikia kwamba ndoa 8 kati ya 10 zenye mtoto mlemavu huvunjika. Ni kweli?

Hapana. Takwimu hiyo husemwa sana lakini haina ushahidi nyuma yake. Tafiti zilizolinganisha familia hizi na nyingine zimekuta tofauti ndogo tu, na baadhi hazikukuta tofauti yoyote. Ndoa ya pili ina mitihani yake, mtoto huyu ana mahitaji yake, lakini usiingie kwenye ndoa ukiwa umeshahukumiwa na namba ya uongo.

## Kumhudumia kwa mikono yako

4. Mwenzangu haniachii mtoto. Kila nikimshika ananisahihisha au ananipokonya. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na naamini ndipo familia nyingi za aina hii husimama au huanguka.

Mzazi aliyemlea mtoto huyu peke yake kwa miaka ana maarifa mengi ambayo hajui kuwa anayo. Yamo mikononi, hayajawahi kuwa maneno. Mume wangu alikuwa akininyang'anya kijiko katikati ya mlo. Nilidhani ananidharau. Ilikuwa hofu: aliwahi kumwona mwanawe akipaliwa mpaka midomo ikawa ya bluu, na tangu hapo hakumwamini mtu.

Kilichotusaidia ni kumwomba aseme kwa sauti anachokifanya huku anakifanya. Alimpa kijiko kimoja, akanyamaza. Nikamuuliza, "Mbona umesimama?" Akajibu, "Nangoja ameze mara ya pili." Mara ya pili! Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mama yake mzazi, kwamba mtoto huyu humeza mara mbili kwa kila kijiko, na kwamba cha pili kikienda mapema ndipo anapopaliwa.

Basi jifunzeni kazi moja kwa wakati. Kwanza tazama. Kisha fanya yeye akiwa pembeni, mkono wake mbali. Kisha fanya yeye akiwa chumba cha pili. Mwisho atoke nyumbani kabisa. Mkimaliza kula, nendeni kwenye kubadilisha nepi, kisha dawa, kisha usiku. Sisi ilituchukua mwaka mzima.

Na wewe uliye mzazi wa damu, nakuomba uchukulie jambo hili kwa uzito. Maarifa yote ya mtoto yakikaa kwenye kichwa kimoja, siku kichwa hicho kikiugua mtoto yuko hatarini. Mwaka wetu wa pili mume wangu alilazwa siku 4. Nilikuwa na mtoto peke yangu, na tulikula salama kwa sababu ya ile mara ya pili.

5. Ni mambo gani sipaswi kukosea kabisa?

Kila mtoto ana yake, na hayo utaambiwa na mzazi na wahudumu wake. Lakini yapo yanayowagusa wengi.

Kula: akae wima kadiri awezavyo, kidevu kikiinama kidogo. Usimlishe kichwa kikiwa kimelala nyuma, kwa maana chakula hupotea njia kikaingia kwenye mapafu. Abaki wima angalau nusu saa baada ya kula. Kikohozi cha kila mlo, sauti yenye majimaji, au nimonia zinazorudi rudi ni dalili za kumweleza daktari.

Kifafa: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, legeza nguo shingoni, tazama saa. Usimtie kitu chochote mdomoni, wala usimshike kwa nguvu kuzuia mtikisiko. Mtikisiko ukivuka dakika 5, au ukirudi kabla hajapata fahamu, hiyo ni dharura. Dawa za kifafa zisikatishwe ghafla kwa uamuzi wa nyumbani, hata kama hajapata kifafa miezi mingi.

Ngozi: asiyeweza kujigeuza ageuzwe, na kitandani kipimo kinachotumika sana ni kila saa 2. Kagua nyonga, kisigino, mgongo chini na nyuma ya kichwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisha kiganja: tafuta joto, ugumu, au rangi iliyotofautiana na jirani yake.

Mifupa: jeraha la ubongo kwenye mtindio haliongezeki, lakini mwili hubadilika jinsi anavyokua. Hatari ya nyonga kutoka mahali pake hupanda kadiri ngazi ya ulemavu inavyopanda, na inaweza kuanza kimyakimya, bila maumivu. Ndiyo maana anapigwa eksirei za nyonga mara kwa mara hata akionekana mzima.

6. Hasemi. Nitajuaje anachotaka?

Mara nyingi tayari anasema, ila kwa macho, pumzi, kukaza mwili au kuugeuza uso. Mwombe mzazi akuandikie orodha: "akifanya hivi, ana maana hii." Kisha uliza swali moja la ndiyo au hapana na umpe muda. Hesabu polepole hadi 10 kabla ya kuuliza tena. Wengi wetu huuliza upya pale pale mtoto anapokaribia kujibu. Mwone pia mtaalamu wa mawasiliano kuhusu kadi za picha, ubao wa kuonyesha kwa macho au kifaa cha kutoa sauti. Kutosema hakumaanishi kutoelewa, kwa hiyo msimjadili mbele yake kama hayupo.

7. Amekuwa mzito. Bado nimbebe peke yangu?

La. Migongo ya walezi huharibika kwa kubeba hivyo hivyo kila siku hadi siku moja haiinuki. Mwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo awafundishe wote wawili, na ulizeni mapema kuhusu mashine ya kunyanyulia na kitambaa chake cha kumbebea mtoto.

8. Anabalehe. Ni sawa mzazi wa kambo kumwogesha?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na ni zuri kuulizwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2012 yalikuta watoto wenye ulemavu hufanyiwa ukatili mara 3.7 zaidi ya wenzao. Mtoto asiyeweza kusema wala kukimbia anategemea utaratibu wa nyumba umlinde. Mzazi wa kambo mwema hapaswi kuuona utaratibu huo kama tuhuma, kwa sababu unamlinda naye pia.

Kubalianeni waziwazi nani anafanya nini, mkizingatia anachokitaka mtoto mwenyewe. Mwambie kabla ya kumgusa: "Sasa nakuosha mgongo." Mfunike sehemu usiyoiosha, mlango usiachwe wazi kwa wapitao, na atakayehudumia sehemu za siri asiwe mtu yeyote aliyepo tu. Akianza ghafla kukaza, kulia au kugeuza uso kwa mtu fulani, chukulia kuwa amesema neno, ulifuatilie.

## Nyumba mbili

9. Mtoto ana nyumba mbili. Tufanyeje ratiba zisigongane?

Daftari moja linalosafiri na mtoto. Dozi na saa iliyotolewa, kifafa kilianza lini na kilidumu dakika ngapi, alikula kiasi gani, choo lini, ngozi ikoje. Anayempokea asome kabla anayemleta hajaondoka. Dawa ziwe za kutosha kwa siku zote pamoja na akiba, maana dozi moja ikisahauliwa kwenye nyumba ya pili inaweza kuleta kifafa.

Kiti cha magurudumu na kiti cha kulishia visafiri naye. Vitu vidogo muwe navyo kila upande. Daftari lisitumike kutupiana maneno: liandikeni kama wauguzi wanaokabidhiana zamu. Mama mzazi wa binti yetu na mimi tulianza kuheshimiana kupitia daftari hilo, kabla hatujaweza kukaa chumba kimoja.

10. Mzazi wa upande wa pili haji kabisa. Nimsahau?

Usimsahau, wala usimseme vibaya mbele ya mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 9, unampa mtoto haki ya kuendelea kuwasiliana na mzazi aliyetengana naye, isipokuwa ikimdhuru. Wengine hawaji kwa sababu wanaogopa: hawajui kumlisha, wanaona aibu kuuliza. Mwalike aje wakati wa mlo mmoja, mzazi mwenzake akiwepo, na afundishwe kama ulivyofundishwa wewe (tazama swali la 4). Asipokuja hata hivyo, umeshafanya sehemu yako.

11. Wazazi wawili hawakubaliani kuhusu upasuaji. Mimi wa kambo niseme nini?

Sema ulichokiona, uwaachie uamuzi. "Usiku hulia nikimgeuza upande wa kulia" ni ushahidi ambao daktari anauhitaji. "Mimi ningekataa" ni kura ambayo huna. Waombe wazazi wamwone daktari pamoja, wasikie maelezo yaleyale kwa wakati mmoja, kwa sababu ugomvi mwingi huzaliwa na maelezo ya kusimuliwa. Wakishindwa kabisa, nchi nyingi humwachia hakimu aamue kwa maslahi ya mtoto.

## Watoto wengine nyumbani

12. Mwanangu wa kuzaa anasema, "Tangu tuhamie hapa umenisahau." Nimjibu nini?

Usimjibu kwa hotuba ya kwamba mwenzake ana shida zaidi. Hilo analijua, na ndilo linalomfunga mdomo. Huyu mtoto amepoteza nyumba aliyoizoea, amepewa ndugu ambaye hakumchagua, na ameona muda wake unakwenda kwa mtu asiyeweza hata kugombana naye. Mkubalie: "Ni kweli, wiki hii sikukaa na wewe."

Kisha mpe muda usiovunjwa. Nusu saa inayotokea kweli kila wiki, mtoto mwingine akiwa na mlezi mwingine, ina nguvu kuliko ahadi ya siku nzima inayoahirishwa kila mara kifafa kinapotokea. Nayo nusu saa hiyo haipatikani kama ni wewe peke yako unayejua kumhudumia mwenzake, kwa hiyo tunarudi palepale, kwenye swali la 4.

Asigeuzwe yaya. Kusaidia ni sawa. Lakini asiwe ndiye anayetegemewa kumlisha au kumpa dawa. Na akiona aibu kuleta rafiki nyumbani, usimwadhibu kwa aibu hiyo. Mfundishe sentensi moja fupi ya kueleza, mengine yatakuja.

13. Watoto wangu wanaadhibiwa, yeye hafanywi chochote. Si upendeleo?

Kanuni iwe moja, namna ya kuitekeleza itofautiane kwa uwezo. Mtoto anayevuta nywele afundishwe pia kuacha. Lakini kabla ya kuita tabia utundu, tafuteni maumivu: jino, choo kigumu, nyonga, sikio. Kwa asiyesema, hasira ya ghafla mara nyingi ni maumivu.

## Sheria na fedha

14. Je, naweza kusaini hospitalini?

Katika nchi nyingi, kufunga ndoa na mzazi hakukupi mamlaka ya kisheria juu ya mtoto. Nililijua hilo kwenye mapokezi ya hospitali moja usiku, mume wangu akiwa safarini, pale walipoikataa saini yangu. Walimtibu dharura yake, lakini kipimo kilichohitaji ridhaa kilingoja hadi mama yake alipofika saa tatu baadaye.

Msingoje usiku kama huo. Muulizeni wakili njia zilizopo: barua ya idhini ya matibabu, amri ya mahakama ya kukupa majukumu ya mzazi, au kumwasili mtoto kisheria. Hii ya mwisho katika nchi nyingi hugusa haki za mzazi wa upande wa pili, kwa hiyo isifanywe kwa haraka. Idhini mliyoipata iwe na nakala mbele ya daftari (swali la 9).

15. Tukiandika wosia, tumwachie mali moja kwa moja?

Ulizeni kwanza. Kuna nchi ambako mali ikiandikwa kwa jina lake humkosesha msaada wa serikali, na huko familia hutumia amana inayosimamiwa na mtu mwingine kwa faida yake. Ulizeni pia kama kipato cha mzazi wa kambo kinahesabiwa kwenye misaada hiyo. Mlijue hilo kabla ya ndoa, si baada ya barua ya kukatiwa msaada.

Andikeni na nani atamlea. Bila maandishi, mzazi wa damu akifa, mtu aliyemlisha mtoto miaka 10 anaweza kujikuta hana neno.

## Mambo magumu zaidi

16. Miaka imepita, lakini mwenzangu bado hulia kila siku ya kuzaliwa ya mtoto. Je, hajamkubali?

Amemkubali. Mwaka 1962 Simon Olshansky, wa Marekani, aliipa hali hii jina la huzuni ya kudumu, akieleza kuwa kwa wazazi hawa ni hali ya kawaida wala si ugonjwa. Huzuni hulala, ikaamshwa na tarehe: siku ambayo angeanza shule, siku binamu yake wa rika moja anapohitimu. Wewe uliyemkuta mtoto akiwa hivi hukumwota akiwa vingine, kwa hiyo huzuni hiyo huna. Usimharakishe. Kaa karibu, mshikie mtoto.

Ila ikiwa usingizi, hamu ya kula na hamu ya kuishi vimemtoka wiki kadhaa mfululizo, hilo ni jambo jingine, linahitaji mtaalamu.

17. Nimechoka. Naruhusiwa kusema hivyo wakati si mtoto wangu?

Sema, na useme mapema. Mgongo wako haujui kama mtoto ni wa damu au wa kambo. Omba usiku mmoja kamili wa kulala kwa wiki kabla ya kuomba chochote kingine. Ukifika mahali pa kuogopa kwamba utamtendea kwa hasira, mlaze salama, toka chumbani, mwite mtu.

18. Kumpeleka kwenye makazi ya malezi ni kumtupa?

Si lazima. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2006, kifungu cha 23, unakataza mtoto kutenganishwa na wazazi kwa sababu ya ulemavu, na unataka familia ikishindwa itafutwe kwanza familia pana. Maana yake kwenu: kabla ya uamuzi huo, daini msaada nyumbani, ulizeni ndugu, tafuteni malezi ya siku chache za mapumziko. Hata hivyo zipo familia zilizofika mwisho wa nguvu kweli. Jambo moja nalisisitiza: asipelekwe kama sharti la ndoa mpya. Mwenye kutoa sharti hilo ameshasema kwamba hawezi kuwa mzazi wa kambo wa mtoto huyu, na ni heri mlijue mapema.

19. Anatimiza miaka 18. Nini kinabadilika?

Kisheria, mara nyingi kila kitu: daktari, shule, na nani anasaini. Anzeni kuuliza miaka miwili kabla. Kifungu cha 12 cha mkataba uleule wa swali la 18 kinasisitiza kwamba mtu mzima mwenye ulemavu asaidiwe kuamua. Daftari lenye orodha ya ishara zake (swali la 6) hapo lina thamani kubwa, kwa sababu linaonyesha yeye husemaje ndiyo.

20. Mimi na mwenzangu tukiachana, nitampoteza mtoto?

Inawezekana, na huumiza pande zote mbili: yeye hawezi kupiga simu kuuliza umekwenda wapi. Baadhi ya nchi humruhusu mzazi wa kambo kuomba mahakamani haki ya kumtembelea. Hata bila mahakama, ombeni muda wa mpito. Mwambieni mtoto kwaheri, msipotee tu. Na umfundishe kwa mikono atakayechukua nafasi yako, kwa hatua zilezile za swali la 4, hata kama kufanya hivyo kunakuchoma.

21. Mtoto akifariki, mzazi wa kambo analia kama nani?

Baadhi ya watoto hawa hawaishi miaka mingi, na ni bora kuuliza mapema kuhusu tiba shufaa, ambayo haingojei siku za mwisho. Huweza kwenda pamoja na matibabu mengine kwa miaka, ikipunguza maumivu na kuwasaidia kuamua. Zungumzeni pia, mkiwa na utulivu, nani ataitwa kwanza na majina ya nani yatasomwa.

Namjua baba wa kambo aliyemhudumia kijana wake kwa miaka 11. Siku ya mazishi jina lake halikutajwa. Aliyeandika tangazo aliorodhesha wazazi wawili wa damu. Alikaa nyuma. Watu walipotawanyika, mama wa kijana alimfuata akamkabidhi daftari la dozi. Mwandiko ulikuwa wake karibu kila ukurasa.